Dawa ya Usingizi Iwe ya Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kutuliza Dalili za Demensia Nyumbani

Wasomaji wanaomtunza mzazi mwenye demensia, yaani ule ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu na kubadilika kwa tabia, hukwama karibu wote mahali pamoja. Mzee anaanza kuhangaika usiku, familia inakimbilia duka la dawa na kurudi na vidonge vya usingizi, na baada ya wiki mbili mzee anasinzia mchana, anaanguka usiku, na fujo iko palepale. Dawa zipo na zina kazi yake, ila zina zamu yake. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa zamu hiyo, kwa kuwa kila moja huondoa sababu ambayo ingeiharibu inayofuata.

Hakuna tiba inayoondoa ugonjwa wa Alzheimer, wala demensia inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika. Kinachoweza kutulizwa ni dalili zake: hofu, kukosa usingizi, kutangatanga, kushuku watu, ukali. Hizo ndizo tutakazoshughulika nazo.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari hilo, kwa sababu kalamu isiyofungwa itapotea siku ya pili.
- Mfuko mmoja wenye dawa zote anazotumia mzee, pamoja na za kununua bila cheti na za miti shamba.
- Kipimajoto na, ikiwezekana, mashine ya kupimia presha.
- Saa kubwa ya ukutani yenye namba zinazosomeka, na kalenda ya kuchana.
- Taa ndogo ya usiku. Umeme ukikatika mara kwa mara kwenu, tafuta ya sola.
- Miwani yake, na kifaa cha kusikia kama anacho.

Kinachobaki ni mtu. Chagueni mwanafamilia mmoja atakayebeba daftari na kuzungumza na daktari. Ndugu watano wakienda hospitali kwa zamu, kila mmoja na maelezo yake, mzee atarudi na dawa tano.

## Hatua ya 1: Jiulize kama badiliko ni la ghafla

Demensia husogea kwa miezi na miaka. Mzee ambaye juzi alikuwa akila mwenyewe, na leo anaongea maneno yasiyoungana au anasinzia kutwa na kuamka kwa shida, si kwamba demensia imeruka hatua kumi kwa usiku mmoja. Yaelekea kuna ugonjwa mwingine uliompanda juu yake, na anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyohiyo.

Visababishi vya kawaida ni maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji mwilini, kushuka kwa sukari kwa anayetumia dawa za kisukari, mkojo uliozuilika na choo kilichokaa siku nyingi bila kutoka. Usisubiri homa, kwa maana mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto la mwili kupanda. Akiwa aliwahi kuanguka na kugonga kichwa, hata kama ni wiki tatu zilizopita, mweleze daktari, kwani damu inaweza kuvuja taratibu juu ya ubongo na dalili zikachelewa kuonekana. Uso ukipinda, mkono ukilegea au kauli ikipotea, huenda ni kiharusi. Mpeleke hospitali mara moja.

Onyo: Usimpe dawa ya kulaza kabla hajapimwa, kwa sababu itaficha dalili anazozitafuta daktari. Mzee anayepiga kelele hupelekwa hospitali haraka, lakini anayenyamaza ghafla na kulala tu huachwa "apumzike", na huyo ndiye anayecheleweshwa hadi hali iwe mbaya.

Umefaulu ukiwa unaweza kusema kwa uhakika kwamba dalili zimekuja polepole, au kwamba kilichozileta ghafla kimepatikana na kinatibiwa. Usishangae kuchanganyikiwa kukiendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya maambukizi kupona. Ubongo wa mzee hurudi taratibu.

## Hatua ya 2: Omba vipimo vya magonjwa yanayofanana na demensia

Yapo magonjwa yanayoleta usahaulifu na ambayo yana tiba. Mwombe daktari aangalie wingi wa damu, sukari, figo, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, na akiona inafaa, picha ya kichwa ya CT. Zahanati haitakuwa na vyote hivyo, basi omba rufaa. Kwa Tanzania, ulizia dirisha la wazee, na kama mzee ana miaka 60 au zaidi na hajiwezi kwa kipato, fuatilia kitambulisho cha matibabu bila malipo kabla ya siku ya kliniki.

Sonona nayo hujificha hapa. Mzee aliyefiwa na mwenzi wake, akaacha kula na kuacha kuongea, anaweza kuonekana amesahau kila kitu kumbe ameelemewa na huzuni. Akaguliwe pia masikio na macho. Nta iliyoziba sikio na mtoto wa jicho humfanya mtu ajibu maswali visivyo na aone vivuli kuwa watu.

## Hatua ya 3: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Hapa ndipo familia nyingi hupata nafuu ya kwanza, na haina gharama. Kumbukumbu hutegemea kemikali moja ya ubongo iitwayo asetilikolini, ambayo katika Alzheimer tayari imepungua. Dawa kadhaa za kawaida kabisa huizuia kemikali hiyohiyo, na mzee akimeza mbili au tatu kwa pamoja, huwa kama aliyeongezewa ugonjwa juu ya ugonjwa.

Tafuta mfukoni dawa za mafua na mzio zinazosinzisha, kama klofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton, na promethazini. Tafuta amitriptilini, inayotolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu au kwa usingizi. Tafuta benzeksoli, ambayo huambatanishwa na dawa za magonjwa ya akili, na oksibutinini ya kuzuia mkojo. Weka kando pia diazepamu na ndugu zake wote, kwa kuwa huongeza kuchanganyikiwa na kuanguka.

Onyo: Dawa ya mafua uliyoinunua mwenyewe unaweza kuacha kuinunua leo. Zilizoandikwa na daktari usizikate kwa uamuzi wako. Diazepamu iliyotumika muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege, na dawa za presha au kifafa hazichezewi. Ubebe mfuko wote kliniki na uulize swali moja kwa kila dawa: hii bado ina kazi gani?

Umefaulu ukirudi nyumbani na orodha ya dawa iliyoandikwa, fupi kuliko uliyokwenda nayo, na kila dawa ikiwa na sababu yake. Kama ni fupi kwa dawa mbili tu, hiyo tayari ni safari njema.

## Hatua ya 4: Andika daftari kwa siku 14

Kauli kama "mzee ni mkali" haimsaidii daktari wala haikusaidii wewe. Kila tukio liandikwe kwa mambo manne: saa na kilichokuwa kikiendelea kabla, alichofanya mzee, mlichofanya ninyi, na kilichofuata. Huu ni ukurasa kutoka daftari la bibi yetu:

*Jumanne, saa 11:15 jioni. Kabla: watoto wametoka shule, redio iko juu. Bibi: amevuta geti, anasema ng'ombe hawajakamuliwa. Sisi: tumemwambia ng'ombe waliuzwa zamani. Ikafuata: amelia, amempiga dada kofi. Amepoa saa 1:40 usiku.*

Kwa siku tatu za kwanza tuliona ukali tu. Siku ya tisa, tulipokaa na kusoma kurasa zote pamoja, tuliona kwamba matukio sita kati ya tisa yalianza kati ya saa 11 na saa 12 jioni, na kwamba katika yote sita kuna mtu aliyemwambia kuwa ng'ombe hawapo. Hiyo ndiyo saa aliyokamua maisha yake yote ya ndoa. Kwetu ng'ombe waliuzwa zamani. Kwake walikuwa wanasubiri, viwele vimejaa, na watu wazima wanamzuia mlangoni.

Tulichobadilisha ni kidogo. Saa 10:30 alikalishwa kwenye kigoda uani, akapewa ndoo yake ya maziwa na maji ya uvuguvugu aioshe, na aliyekaa naye akamuuliza habari za ng'ombe wake. Siku nyingine aliiosha mara tatu. Geti halikuvutwa tena kila siku; likavutwa mara moja au mbili kwa wiki, na kofi likaisha. Nadhani hakuna kidonge ambacho kingetupa matokeo hayo.

Umefaulu ukiweza kukamilisha sentensi hii kwa dalili moja: "Hutokea zaidi saa fulani, baada ya jambo fulani, na hupoa tukifanya hivi."

## Hatua ya 5: Badilisha kinachoichochea dalili

Chagua dalili moja, ile inayoumiza zaidi, na ushughulike nayo peke yake kwa wiki mbili. Ukibadilisha mambo sita kwa siku moja hutajua lipi limesaidia.

Kwanza, maumivu. Mzee aliyepoteza maneno haelezi kwamba goti linamuuma. Hukunja uso, huguna akigeuzwa, au humpiga anayemvisha. Chunguza meno, viungo, vidonda vya kulalia na tumbo. Muulize daktari kama anaweza kupewa parasetamoli kwa saa maalumu, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, badala ya kusubiri alalamike. Wapo ambao "ukali" wao umeisha hapo.

Kukataa kuoga. Fikiria jambo lilivyo kwa upande wake: mtu asiyemtambua anamvua nguo. Aogeshwe na mtu wa jinsia yake kama inawezekana, kwa maji ya uvuguvugu, kwa kopo badala ya bomba la juu linalomshtua kichwani. Mwache na kanga mwilini na uoshe chini yake sehemu moja baada ya nyingine, huku ukimwambia jambo moja tu kwa wakati: "Lete mkono, mama." Akikataa, ondoka na urudi baada ya nusu saa, mara nyingi atakuwa amesahau kwamba alikataa. Kuoga mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha, mradi sehemu za siri zisafishwe kila siku.

Kushuku wizi. Mzee huficha pesa, husahau, kisha humtuhumu dada wa kazi au mkwe. Usijitetee wala usimwoneshe kwamba amekosea. Sema, "Pole, baba, tutafute pamoja," kisha angalia maficho yake: chini ya godoro, ndani ya foronya, kwenye kopo la unga. Daftari litayataja baada ya wiki chache. Mfundishe dada wa kazi mapema kwamba hii ni dalili, kwa sababu wengi huacha kazi kwa uchungu wa kuitwa mwizi.

Kuona watu wasiokuwepo. Anza na mwanga na vioo. Kioo kikubwa chumbani usiku ni mgeni anayekodoa macho, kifunike. Kama anachokiona hakimwogopeshi, usibishane naye. Ikiwa anaona watoto au wanyama waziwazi, mwili unakakamaa au unatetemeka, na akili yake hupanda na kushuka siku kwa siku, liandike hilo kwa herufi kubwa, kwani huenda ni demensia ya Lewy, na katika hatua ya 8 utaona kwa nini ni muhimu.

Waelezeni majirani, mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa dini kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo. Kuna sehemu ambazo bibi anayezungumza peke yake usiku au kutokea uani kwa watu bado hudhaniwa mchawi, na wazee wameuawa kwa dhana hiyo. Maelezo ya mapema ni sehemu ya matibabu.

Kutangatanga. Mtembeze asubuhi na alasiri kabla hajatoka mwenyewe. Mvishe bangili au shona kipande cha kitambaa chenye namba ya simu ndani ya nguo yake, na uwaoneshe vijana wa bodaboda kijiweni picha yake. Komeo liwekwe mahali asipozoea kutazama, juu kabisa au chini kabisa ya mlango. Usimfungie ndani peke yake hata kwa dakika kumi. Moto ukitokea hatatoka.

Usiku. Apate jua asubuhi, na usingizi wa mchana usipite nusu saa. Chai ya rangi na kahawa ziishe mchana. Kama anatumia dawa ya kukojoza, muulize daktari ikiwa inaweza kutolewa asubuhi. Aende chooni kabla ya kulala, na taa ya usiku imuoneshe njia. Kwa mzee aliyezoea kuswali, adhana ni saa nzuri kuliko ya ukutani. Ratiba ya chakula, kuoga na kulala ikiegemezwa kwenye vipindi vya sala, huifuata bila kuambiwa.

Umefaulu daftari likionesha matukio yamepungua au yamefupika. Usitafute kuisha kabisa. Kutoka mara sita kwa wiki hadi mbili ni ushindi.

## Hatua ya 6: Mpe kazi na mazungumzo

Ipo tiba ya makundi ya kuchangamsha akili, ya vikao 14 kwa wiki 7, ambamo wazee wachache hukutana mara mbili kwa wiki kuimba, kutaja vyakula, kushika vitu vya zamani na kuzungumza mada moja. Ilifanyiwa majaribio wilayani Hai, Kilimanjaro, na wazee walioshiriki walipata nafuu katika uwezo wa akili na katika tabia. Kama hakuna kundi karibu, fanya nyumbani kwa dakika 45. Usimtahini kwa kumuuliza "Unanikumbuka mimi ni nani?" Muulize maoni: mchele wa wapi ni mtamu, harusi za zamani zilikuwaje. Maoni hayana jibu la makosa.

## Hatua ya 7: Jadili dawa za kumbukumbu

Sasa, ukiwa na aina ya demensia iliyotajwa na daktari, mnaweza kuzungumzia vidonge. Donepezili, rivastigmini na galantamini huongeza asetilikolini. Husaidia katika Alzheimer, na rivastigmini na donepezili hutumika pia katika demensia ya Lewy. Katika demensia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo hazisaidii na zinaweza kuongeza fujo. Kwa demensia ya mishipa ya damu, kazi kubwa ni kudhibiti presha na sukari, kuacha sigara na kuzuia kiharusi kingine.

Donepezili kwa kawaida huanza na miligramu 5 mara moja kwa siku, na baada ya wiki 4 hadi 6 daktari anaweza kuipandisha hadi 10. Mapigo ya moyo yapimwe kabla, kwa kuwa dawa hizi huyapunguza. Kichefuchefu, kuharisha na kukosa hamu ya kula ni vya kawaida mwanzoni. Ndoto za kutisha zikija, mara nyingi inatosha kuhamishia dozi asubuhi, baada ya kumuuliza daktari. Akizimia au akipungua uzito haraka, rudi hospitali. Memantini hufanya kazi kwa njia nyingine, hutolewa ugonjwa ukiwa umefika katikati au mbele zaidi, na hupandishwa kwa miligramu 5 kila wiki hadi 20, kwa kuangalia figo.

Usitarajie mzee wa zamani arudi. Faida yake ni kasi ya kushuka kupungua kwa muda, na baadhi ya watu hawaipati kabisa. Pimeni baada ya miezi mitatu hadi sita: kuna jambo anaweza kufanya ambalo bila dawa asingeweza? Kama hakuna, mwulizeni daktari kuhusu kuipunguza taratibu.

Tumeulizwa sana kuhusu dripu mpya, lecanemab na donanemab, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024. Hizo ni za Alzheimer ya mwanzo kabisa iliyothibitishwa kwa vipimo maalumu, na mgonjwa hulazimika kupigwa picha za MRI mara kwa mara kuchunguza uvimbe na damu kwenye ubongo. Hazikutengenezwa kutuliza fujo, wala hazimfai mzee ambaye tayari haitambui familia yake.

## Hatua ya 8: Dawa za kutuliza, kwa masharti

Haloperidoli, risperidoni na olanzapini zina nafasi pale tu mzee anapojihatarisha au kuhatarisha wengine, au anapoteseka sana kwa hofu, na hatua zilizotangulia zimejaribiwa. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu dawa mpya za kundi hili, kama risperidoni na olanzapini, na mwaka 2008 ikalipanua kwa zile za zamani kama haloperidoli. Katika majaribio ya takriban wiki 10 ya zile mpya, wazee wenye demensia waliozitumia walikufa kwa kiwango cha karibu asilimia 4.5, dhidi ya karibu 2.6 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwenye demensia ya Lewy anaweza kukakamaa vibaya au kufa, hasa kwa haloperidoli; ndiyo sababu ya yale maandishi ya herufi kubwa.

Kabla ya kupokea cheti, muulize daktari maswali manne na uandike majibu daftarini mbele yake: dawa hii ni ya dalili ipi hasa, kipimo cha chini kabisa ni kipi, tutajuaje kwamba imesaidia, na itasimamishwa lini. Kama hakuna nafuu baada ya wiki 4 za kipimo kinachofaa, ipunguzwe na kuachwa chini ya usimamizi wake. Ikisaidia, jaribio la kuipunguza lifanyike ndani ya miezi minne tangu ianze, maana dalili nyingi hubadilika zenyewe ugonjwa unavyosonga.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona misuli imekakamaa, homa, usingizi mzito, kuanguka au kushindwa kumeza.

Umefaulu mzee akiwa ametulia huku anaamka, anakula na anaongea. Anayelala kutwa hajatulia, amelazwa. Andika tarehe ya kuanza dawa kwenye jalada la daftari, na chini yake tarehe ya kuisimamisha au kuipitia upya. Anayepokea zamu ya ulezi, awe kaka aliyetoka mjini au shangazi aliyekuja kwa mwezi mmoja, aanze kwa kusoma tarehe hizo mbili.